KATUNI NZITO ZA KIBONGO: Watu walizisoma, wakacheka, kisha wakafungia karanga

Ubishi ulianzia kwenye kibanda cha fundi simu, Kibamba, pembeni ya barabara ya Morogoro. Fundi mwenyewe ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Kazi ikipungua anasoma katuni za Kijapani kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo, fundi simu mwenye kioo kilichopasuka, si ndo maisha. Siku hiyo alikuwa anarudia Death Note kwa mara ya tatu, ile hadithi ya mwanafunzi anayeokota daftari, na kila jina analoandika humo, mwenye jina anakufa.

Kwenye benchi alikaa mzee mmoja anayesubiri kitochi chake kibadilishwe tundu la chaji. Akachungulia, akatikisa kichwa.

"Kijana mkubwa hivi bado unasoma vikatuni?"

"Hivi si vikatuni mzee wangu. Hii kitu ni nzito, inakufanya mpaka ujiulize wewe mwenyewe ungefanyaje. Tatizo Bongo hatujawahi kuwa na kitu kama hiki. Za kwetu ni za kuchekesha tu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kumbe huyo mzee aliuza magazeti Kariakoo miaka mingi kabla ya kuhamia Kibamba. "Zilikuwepo," akasema. "Nyie mmezaliwa mmekuta zimeshafungia karanga."

Nani mkweli hapo, fundi au mzee? Ukifuatilia historia unakuta kila mmoja ana haki yake, na katikati yao kuna jambo linalouma kidogo. Twende taratibu.

KATUNI NZITO NI IPI?

Kwanza ieleweke, watu wengi wakisikia neno katuni wanawaza mtoto aliyekaa mbele ya TV. Lakini duniani kuna katuni zilizochorwa na watu walioona mambo, kwa ajili ya watu walioona mambo.

Japani kulikuwa na bwana anaitwa Keiji Nakazawa. Alikuwa mtoto Hiroshima siku bomu la atomiki lilipoangushwa mwaka 1945. Kuanzia 1973 akaanza kuchora Barefoot Gen, hadithi ya mtoto aliyenusurika bomu hilo huku ndugu zake wakiteketea. Marekani, Art Spiegelman akachora Maus, simulizi la baba yake aliyepita kwenye kambi za mauaji za Wanazi. Wayahudi kawachora kama panya, Wajerumani kama paka. Mwaka 1992 kazi hiyo ikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo ambayo kwa kawaida wanapewa waandishi wa habari na wa vitabu. Halafu kuna Marjane Satrapi, mwanamke aliyekulia Iran na kuhamia Ufaransa, aliyechora Persepolis kuhusu utoto wake katikati ya mapinduzi na vita.

Ukiziweka hizi tatu mezani unaona kwamba uzito hautokani na damu. Filamu za kuchinjana zipo tele na mtu anaziangalia huku anakula chipsi mayai. Katuni inakuwa nzito pale unapoimaliza na hujui lile swali uliloachiwa ulipeleke wapi. Kicheko kinaweza kuwemo ndani yake. Panya wanaweza kuwemo. Sasa kwa kipimo hicho, rudi Bongo uangalie upya.

KABLA YA SANI

Katuni ya Kiswahili haikuanza juzi. Gazeti la Mambo Leo lilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, na kufikia miaka ya 50 wasomaji wa Kiswahili walishazoea hadithi za picha. Hata majarini ilitangazwa kwa mtindo huo. Kenya nako, miaka hiyohiyo ya 50, Edward Gitau akamleta Juha Kalulu, ambaye aliishi miongo mingi kwenye Taifa Leo, mpaka wajukuu wa wasomaji wake wa kwanza wakamkuta.

Nyingi za wakati huo zilikuwa za kuchekesha na kufundisha adabu. Mjinga anaumia, mjanja anapona, hadithi imeisha, funga gazeti ukalale.

Baada ya uhuru akaja Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, gazeti la TANU. Mchoraji wake ni Christian Gregory. Hiyo ni miaka ya Azimio la Arusha, 1967 na kuendelea, na chama kilikuwa na orodha ndefu ya maadui: kupe anayenyonya jasho la wenzake, mlevi, mvivu, anayeiga uzungu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana ni marufuku mjini. Katika hali ya hewa kama hiyo, katuni ya gazeti la chama ilikuwa na kazi ya kuwachapa watu viboko kwa kicheko.

Lakini kicheko hakishikiki. Mzee wa Kibamba anakumbuka akiwa mtoto, watu wazima walikuwa wakilipata gazeti wanamtafuta Chakubanga kwanza, hotuba baadaye. Jina likatoka gazetini likaingia mtaani. Ukimchora mtu wa mjini na vituko vyake kila siku ili watu wamcheke, ipo siku msomaji anaona yule anayechekwa anafanana na yeye.

LODILOFA NA MSAKO WA MALOFA

Sasa hapa ndo penyewe. Mtu yeyote aliyekua Tanzania miaka ya 80 ukimtajia Sani anatabasamu kabla hujamaliza. Jina lenyewe ni vipande viwili vya majina ya watu wawili walioanzisha jarida hilo, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Ndani yake walikaa Madenge, mtoto mtundu kupita maelezo, na Kipepe, na Pimbi, na Ndumilakuwili, na Lodilofa.

Achana kidogo na michoro, soma majina tu.

Ndumilakuwili ni mtu anayeuma huku na huku, mnafiki wa pande mbili. Sasa kumbuka mwaka 1983 nchi ilikuwa kwenye hali gani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilishakomba hazina. Sabuni, sukari na mafuta ya kula vilikuwa vya kupanga foleni. Mwaka huohuo serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na walioficha bidhaa wakawa wanazitupa usiku ili wasikutwe nazo. Mtu alikuwa anapiga makofi kwenye mkutano magendo yakilaaniwa, akirudi nyumbani ananawa kwa sabuni ya magendo. Si kwamba alikuwa mbaya. Watoto walitakiwa waoge. Sasa mtu huyo akifungua jarida akakutana na mhusika anaitwa Ndumilakuwili, anacheka nini hasa? Anajicheka.

Lodilofa ndiye mkubwa zaidi kwa kipimo cha uzito. Lofa ni mtu asiye na kazi, anayezurura. Lodi ni bwana mkubwa, mheshimiwa. Bwana mkubwa asiye na kazi! Halafu weka na tarehe. Mwaka 1976 kulikuwa na Operesheni Kila Mtu Afanye Kazi. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Dar es Salaam watu walikuwa wanakamatwa mitaani, asiyeweza kuonyesha kuwa ana kazi inayotambulika anahesabiwa mzururaji, anapakiwa kwenye gari kupelekwa kijijini akalime. Muuza karanga, muuza maji, kijana aliyekuja mjini kutafuta, wote walikuwa kwenye hatari hiyo.

Serikali ilimwita lofa mzigo. Jarida likamwita lodi.

Wale wachoraji walikuwa wanauza kicheko, na kicheko ndicho kilichowalipia kodi ya chumba. Hakuna sababu ya kuwageuza leo kuwa wanaharakati. Lakini kicheko chenyewe kilitoka kwenye tumbo la mtu anayekwepa msako. Mzee anasema wateja wake wengine walikuwa wanasoma Sani wamesimama, jicho moja kwenye ukurasa, jicho jingine barabarani. Kama hiyo si katuni nzito, basi hata ya fundi simu si nzito.

Kuna jina jingine la kukumbukwa hapa, Philip Ndunguru, mmoja wa mikono iliyoipa katuni ya Kibongo sura yake. Alifariki katikati ya miaka ya 80 akiwa bado kijana mdogo kabisa. Wachoraji wengine wakaendelea na wahusika wa Sani, na wasomaji wengi hawakujua kama mkono umebadilika. Hapo ndipo linapoanzia lile jambo linalouma. Kila mtu anamjua Lodilofa. Ukisimama stendi ya Mbezi ukauliza nani alimchora, utaambiwa "wale wa Sani". Mhusika ana jina, aliyemzaa hana.

MIAKA YA 90: WENGINE WAKANYAMAZA, WENGINE WAKAFUNDISHA

Mwaka 1992 vyama vingi vikaingia, magazeti binafsi yakafumuka kama uyoga. James Gayo akawa na Kingo, mtu wa kawaida tu anayekutana na mikasa ya mji, mara nyingi bila neno hata moja. Hiyo ya kukosa maneno usiione ndogo. Mchoro usio na maneno haukuambii ucheke wapi wala ujifunze nini. Unakuacha na uso wa Kingo, basi, malizia mwenyewe. Isitoshe bibi asiyejua kusoma na mtoto wa chekechea wanaweza kuisoma pamoja, na kila mmoja akaona lake.

Mwaka huohuo wa 1992 Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, kijana aliyezaliwa Dar es Salaam, akaenda Nairobi kuchorea Nation, na huko akawa mmoja wa wachoraji wanaojulikana zaidi Afrika. Huku nyumbani Ali Masoud akaja na kipanya chake, mpaka yeye mwenyewe akaitwa Kipanya. Inashangaza kidogo ukifikiria: Marekani panya alibebeshwa wafu wa vita, Bongo panya akabebeshwa malalamiko ya mwananchi. Labda kwa sababu panya anakaa chini, na aliye chini anaona mengi ya chini ya meza.

Lakini miaka hiyo kulikuwa na kitu kizito kuliko siasa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana Kagera mwaka 1983, na kufikia miaka ya 90 hakuna ukoo uliokuwa haujazika. Mashirika na miradi wakaona katuni ni njia ya kumfikia kijana. Zikaja hadithi za picha nyingi za kufundisha, na baadaye majarida kama Fema na Si Mchezo! yakasambaa mpaka shuleni na vijijini.

Hapa fundi na mzee walikosana kabisa.

Fundi anazijua hizo za mafunzo, alizikuta shuleni. "Zile zilikuwa tangazo tu mzee. Ukurasa wa kwanza ushajua wa mwisho. Binti anadanganywa na mwenye gari, anaugua, anaenda kupima, daktari anaongea ukurasa mzima. Mchoraji hakuwa na swali, alikuwa na jibu la mradi."

Mzee alikaa kimya muda. Halafu akasema, "Watu walikuwa wanakufa, dogo. Ulitaka waachiwe swali?"

Hilo jibu si la kulipita haraka. Fundi ana haki kwamba katuni inayoanza na jibu lake mkononi haiwezi kuwa nzito, hata ikiwa na makaburi kumi. Mzee ana haki kwamba kuna wakati mtu anahitaji kuambiwa moja kwa moja kabla hajaingia kaburini. Shida iliyobaki ni kwamba mwenye hela ya kuchapisha alikuwa mwenye mradi. Mchoraji aliyetaka kuchora kifo cha dada yake kama alivyokiona, bila daktari wa ukurasa wa mwisho, angepata wapi karatasi?

MCHORO UKIGEUZWA PANGA

Anayesema katuni ni mchezo wa watoto aangalie majirani. Rwanda, kuanzia mwaka 1990, kulikuwa na jarida linaitwa Kangura. Lilijaa chuki dhidi ya Watutsi, na katuni zilikuwa sehemu ya chuki hiyo. Jalada moja maarufu lilikuwa na mchoro wa panga. Mwaka 1994 mapanga yakatoka kwenye karatasi. Watu wanaokadiriwa kufika 800,000 waliuawa ndani ya siku kama 100.

Kesi yake haikusikilizwa mbali. Ilikuwa Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, na mwaka 2003 mhariri wa Kangura alitiwa hatiani pamoja na vigogo wawili wa redio ya RTLM. Yaani hapahapa Tanzania mahakama ilikaa ikapima maneno yaliyochapishwa, yaliyotangazwa na hata jalada lenye panga.

Kalamu ileile ikatumika pia kuomboleza. Mwaka 2000 Jean-Philippe Stassen, Mbelgiji aliyehamia Rwanda, alitoa Deogratias, hadithi ya kijana ambaye baada ya aliyoyaona na aliyoyafanya akili inamkatika, anajiona amegeuka mbwa. Mwaka 2004 Rupert Bazambanza, Mnyarwanda aliyenusurika na kuhamia Kanada, akatoa kitabu cha katuni kuhusu familia ya majirani zake waliouawa. Aliwachora kwa majina yao. Katika mauaji ambayo maiti zilirundikwa bila hesabu, kumchora jirani na kumwita kwa jina lake ni kama kumfanyia maziko.

Zote mbili zilitoka kwa Kifaransa.

VITA VYA ZIWA TANGANYIKA NA JINA LA KARIAKOO

Kutoka Rwanda shuka kusini mpaka Kigoma, kuna hadithi nyingine iliyochorwa na jirani. Barly Baruti alizaliwa Kisangani, Kongo, mwaka 1959, na ni mmoja wa wakongwe wa katuni Afrika. Mwaka 2014 yeye na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie walitoa Madame Livingstone. Ni hadithi ya rubani wa Kibelgiji anayeletwa Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili kusaidia kuizamisha meli ya Wajerumani, na mwenyeji anayemwongoza, chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na ambaye watu wamembandika jina la kejeli la Madame Livingstone.

Meli yenyewe ni ya kweli na hadithi yake ni ya hapa. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, ikapandishwa treni hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba. Ndiyo Liemba hiyohiyo unayoisikia.

Vita vile vilibebwa vichwani. Wapagazi walichukuliwa vijijini kwa maelfu kubeba risasi, chakula na majeruhi, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Kwa Kiingereza kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Dar es Salaam waliwekwa sehemu ambayo baadaye ilichukua jina lao kwa matamshi ya watu: Kariakoo.

Soma tena. Kariakoo, pale unaponunua vitenge na vioo vya simu, ni jina la wabeba mizigo wa vita. Mjini kati ipo sanamu ya Askari iliyozinduliwa 1927, imeshika bunduki, watu wanapiga nayo picha. Ina maandishi ya kuwakumbuka askari na wapagazi kwa ujumla wao. Orodha ya majina haina.

Fundi simu alipoelezwa hili aliacha kazi. Ananunua vioo Kariakoo kila wiki na hakuwahi kujua. "Hii mbona ndo katuni yenyewe," akasema. Mzee akamwambia ipo, imeshachorwa na Mkongo, Kigoma imo, ziwa limo. Lakini ilitoka kwa Kifaransa, baadaye Kiingereza, na kwenye kibanda kile hakuna anayejua Kifaransa. Na aliyebeba mzigo kutoka pwani mpaka bara, akafia porini, bado hajapata mchoraji wake wa Kiswahili.

X NYEKUNDU

Sasa kwa nini kijana wa leo anaijua Death Note na hamjui Lodilofa? Sababu ya kwanza ni karatasi. Gazeti kama Uhuru lina bahati kidogo, maktaba zinatunza magazeti. Jarida la katuni lilionekana takataka ya kufurahisha. Lilisomwa na watu kumi, likachanika jalada, likaenda kwa mama wa karanga, likaviringishwa likawa kikombe cha shilingi kadhaa. Mkono uliochora ukapotea pamoja na ukurasa uliokuwa na sahihi yake pembeni.

Sababu ya pili ni maisha yenyewe. Mzee alikuwa na boksi zima la majarida ya zamani, mengine yalikuwa mabaki ya biashara. Alikuja nalo Kibamba alipojenga. Mwaka 2017 ikaja bomoabomoa ya kupanua barabara ya Morogoro, nyumba zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara kuanzia Kimara mpaka Kiluvya zikavunjwa, ya kwake ikiwemo. Waliookoa waliokoa mabati, milango, vitanda. Nani anaokoa katuni? Boksi lilibaki nje, mvua ikalimaliza.

Wakazi wa Kibamba wanaikumbuka ile alama iliyotangulia, X nyekundu ukutani. Mistari miwili ya rangi, bila neno. Mtoto aliielewa, bibi aliielewa. Ukiitafakari, ule ulikuwa mchoro mzito kuliko yote iliyowahi kuonekana pembezoni mwa barabara hiyo, na ulisomwa na watu wengi kuliko Sani. Leo barabara ni njia nane, magari yanapita kwa raha, na ni kweli foleni imepungua. Lakini swali la aliyekaa kitandani usiku anaiwaza X upande wa pili wa ukuta wake halina ukurasa popote.

Kwa hiyo fundi alikosea aliposema Bongo haijawahi kuwa nazo. Mzee naye hakumaliza aliposema zilikuwepo. Zilikuwepo zikiwa zimejificha ndani ya kicheko, kwa sababu kicheko ndicho kilichoruhusiwa na ndicho kilichouzika. Kilichokosekana ni mtu wa kuzitunza, na mtu wa kumlipa mchoraji ili safari moja tu asimalizie kwa kuchekesha wala kwa daktari wa ukurasa wa mwisho.

Siku tatu baadaye mzee alirudi kuchukua kitochi chake. Chini ya kwapa alikuwa na jarida moja lililosalimika kwa sababu mjukuu alilitumia kufunikia daftari. Halina jalada, kurasa za mwisho hazipo. Fundi akalisoma lote amesimama, wateja wawili wanasubiri. Hadithi ya katikati imekatika pale mtu anagongewa mlango usiku, na chini kuna neno moja: Itaendelea.

"Sasa nani alikuwa anagonga?" fundi akauliza.

"Namba iliyofuata niliuza yote," mzee akasema.

Fundi akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kwa ile simu ya kioo kilichopasuka. Pembeni ya mchoro mmoja kuna sahihi ndogo imefifia. Amejaribu kuikuza, mpaka leo hajaweza kuisoma.

Na wewe je? Kama nyumbani kwenu, chini ya godoro la babu au kwenye sanduku la mama mdogo, kuna Sani, Kingo au jarida lolote la katuni la zamani, usilitupe. Lipige picha kila ukurasa, na kama jina la mchoraji linasomeka, liandike hapo chini. Na kama unaikumbuka katuni iliyowahi kukunyima usingizi, taja pia. Wadau wanasubiri.